Nyumba Ilipotoka Nyekundu

Jumanne, 16 Septemba

Mifuko tangu asubuhi. Malori mawili, halafu la tatu ambalo hakuna aliyelitarajia. Mgongo umekufa. Bosi wa depo ya madini alituambia asante, jambo ambalo halijawahi kutokea, nikaogopa kwamba la nne liko njiani.

Nilioga harakaharaka, nikachukua taksi-moto, pikipiki ya kukodi, kutoka mtaani kwetu Musonoi mpaka Manika. Nilipofika ukumbi wa parokia darasa lilikuwa limeshaanza. Mimi ndiye mkubwa kuliko wote pale. Wengine ni vijana wa sekondari. Wananiita Tata Kaseba na kunipisha kiti kama mfiwa. Shule niliiacha darasa la sita, kwetu Kalemie, kando ya ziwa. Naja kujifunza kompyuta kwa sababu moja: mabega haya hayatabeba madini ya watu mpaka uzeeni.

Tangu Julai tulikuwa tunaandika michezo. Mpira unaogonga ukuta na kurudi. Leo Madamu Solange, mwalimu wetu, alifuta ubao wote na kusema sasa tutaandika programu za matetemeko ya ardhi. Darasa zima lilicheka. Trezo, kijana mwenye mdomo kuliko wote, alisimama:

"Madamu, shiye ya Kolwezi tunatetemekaka kila siku! Baruti ya ku mugodi inapiga, sahani inacheza, tunaendelea kukula bukari."

"Njo maana nataka mujifunze," alisema Madamu. "Siku udongo itatetemeka yenyewe, mutaendelea kukula bukari."

Walicheka tena. Mimi sikucheka. Sisi wa ziwani tunajua.

Aliandika maneno mawili ya Kifaransa. Aleya, huko ndiko kutikisika kwenyewe. Riski, huko ni kutikisika kunapokuta watu ndani ya nyumba mbovu. Tetemeko kubwa katika pori tupu: aleya ipo, riski hakuna. Tetemeko dogo chini ya ukuta mbovu, watoto wamelala: riski hiyo, tena kubwa. Na kompyuta unaiambia yote hayo kwa mstari mmoja. Unazidisha tu.

Nimependa. Nimechoka sana lakini nimependa.

Jumatano, 17 Septemba

Furaha amepiga simu nikiwa depo, wakati wa chakula. Mke wangu. Yuko Kalemie na watoto wetu, Neema na Moize. Misimu miwili ya mvua imepita bila kuwaona.

Katikati ya maneno mgodi ukapiga baruti. Mabati ya depo yakalia yote kwa pamoja.

"Kaseba, nini hiyo?"

Nikamwambia ni baruti tu, wanapasua mwamba. Akauliza kama ni kila siku. Nikasema karibu kila siku.

Najua alichokuwa anafikiria. Alipokuwa na mimba ya Neema, ardhi ilitetemeka na ukuta wa jiko ukaanguka pale pale alipokuwa amechuchumaa, punde tu baada ya kutoka nje kumwaga maji. Tangu siku hiyo analala karibu na mlango, na nguo mwilini.

Amesema hivi: "Gari-moshi ni wiki ijayo, nakuja. Lakini nikishindwa kulala katika nyumba hiyo, nageuka na watoto wangu."

Furaha hatishii. Anasema jambo mara moja, halafu analitenda. Simlaumu. Lakini nataka abaki. Sina kitu kingine ninachokitaka mwaka huu, hata mgongo mpya.

Alhamisi, 18 Septemba

Darasa zuri. Madamu anasema tetemeko la kweli huja kwa mawimbi. La kwanza ni la haraka na dogo, linapiga hodi. La pili ni zito, linaingia ndani bila kusubiri karibu. Baruti haina adabu hiyo. Inapiga mara moja na kuisha. Ukilichora tetemeko na baruti, michoro yake haifanani.

Simu zetu zina kitu ndani kinachosikia mtikisiko. Tumeandika programu inayosoma kitu hicho na kuchora mstari. Mstari ukiruka kupita kiwango, simu inapiga kelele. Kiwango unakiweka mwenyewe. Mimi nilikiweka chini mno, halafu nikasahau kuizima programu, nikapanda pikipiki. Barabara ya Musonoi kila mtu anaijua. Simu ililia shimo baada ya shimo. Dereva akasimama katikati ya njia.

"Tata, umebeba bombe?"

"Hapana, ni kompyuta inahesabu mitetemeko."

"Basi mupe pole. Ku hii njia haitalala."

Nimecheka peke yangu mpaka nyumbani. Kazi ya Jumamosi: kila mtu aichunguze nyumba yake. Kuta za nini, paa lina uzito gani, watu wangapi wanalala ndani.

Jumamosi, 20 Septemba

Trezo ametangaza ugunduzi. Anasema tetemeko la Kolwezi huja mchana saa ile ile, na Jumapili linapumzika. Lina mkataba wa kazi na pengine kadi ya hospitali. Hata Madamu alilazimika kukaa chini kwa kicheko.

Halafu programu ya nyumba. Inakuuliza maswali, unajibu, inazidisha, inakupa rangi. Kijani, njano au nyekundu. Madamu amesisitiza kwamba ni chombo cha kujifunzia, si hukumu ya mhandisi. Sawa. Lakini darasa zima lilikuwa na jasho mikononi.

Nyumba ninayopanga ni jengo refu la matofali ya udongo yasiyochomwa. Mimi niko upande huu, mwenye nyumba, Tata Kabwe, yuko upande ule. Juu ya bati kuna mawe. Musonoi watu wengi wanaweka mawe juu ya paa ili upepo usibebe mabati. Yetu si mawe ya kawaida. Ni madini, yana mishipa ya kijani. Tata Kabwe aliyachimba zamani akiwa na nguvu, na anayaweka mpaka bei ipande. Anasema hakuna mwizi anayeweza kupanda juu ya bati bila kuamsha mtaa.

Jana nilipanda. Niliinua jiwe moja moja. Mizani sina, lakini mchukuzi hahitaji mizani. Jumla kama mifuko sita. Leo nikaandika yote kwenye kompyuta, nikabonyeza.

Kijani!

Nilisimama. Nilimshika Trezo mkono kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nikatoka nje kumpigia Furaha. Alikuwa anafunga mizigo. Nikamwambia kompyuta imesema nyumba ni kijani. Akauliza kijani maana yake nini. Nikamwambia maana yake utalala.

Akasema, "Haya." Kwa Furaha hiyo ni sherehe.

Jumapili, 21 Septemba

Nimefua. Nimelala. Nimeamka nikiwa na furaha, nikalala tena.

Jumanne, 23 Septemba

Aibu.

Darasani kuna binti anaitwa Nadeji, hasemi sana, anasoma programu za wenzake kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Leo alikuja nyuma ya kiti changu.

"Tata Kaseba, ku paa uliandika sita. Sita ya nini?"

"Sita mifuko."

"Kompyuta haijue mifuko, tata. Inajua kilo."

Nilitazama skrini. Kilo sita. Nilikuwa nimeiambia kompyuta kwamba juu ya vichwa vya wanangu kuna kuku wawili. Wachukuzi hatuhesabu kitu kwa kilo. Tunahesabu mifuko hata tukiulizwa uzito wa bibi harusi. Nadeji alibadilisha namba mwenyewe, taratibu, kama anayemfunika mgonjwa. Mifuko sita ni zaidi ya kilo mia tatu.

Nyekundu. Wala si nyekundu ya kubahatisha.

Hakuna aliyenicheka. Ningependelea wanicheke. Trezo alisema makosa ya programu yanampata kila mtu, yeye wiki iliyopita nyumba yao ilikuwa na watu sifuri na mama yake alikasirika. Madamu akasema kosa la kipimo limeshawahi kuwapata wakubwa kuliko sisi. Sikusikia vizuri. Nilikuwa namfikiria Furaha.

Nimempigia. Simu haipatikani. Jirani yake wa Kalemie anasema gari-moshi limeondoka. Anakuja kwa sababu ya kijani changu.

Jumatano, 24 Septemba

Baada ya kazi nilikwenda kwa Tata Kabwe na chupa ya soda mkononi. Nikamweleza yote, aleya, riski, ukuta wa udongo, uzito wa juu. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Akanywa soda yote.

"Mwanangu, hii nyumba ilisikia baruti mbele hata wewe uzaliwe. Ilianguka?"

"Hapana, tata."

"Na upepo ya mwezi wa kumi, unaijua? Mabati ya jirani ilienda mpaka ku kanisa. Yangu ilibakia. Juu ya nini? Juu ya mabwe."

"Tutapigilia misumari, tata."

"Ile mabwe njo banki yangu. Mutu anabomolaka banki?"

Mwisho wa mazungumzo. Alinipigapiga bega. Nampenda mzee huyu, lakini leo nilimchukia kidogo.

Nimefikiria kuhama. Chumba kingine mtaa huu hakuna, wachimbaji wamejaa kila kona. Nimefikiria kuyashusha mawe bila kumwambia. Huo ni wizi. Nimefikiria kumwambia Furaha kwamba ni kijani na kunyamaza. Wazo hilo lilikaa kichwani dakika kadhaa. Nalichukia zaidi kuliko mengine.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimemwambia Madamu Solange kwamba mwenye nyumba amekataa. Nilidhani atanipa pole. Badala yake alipiga makofi, akaliambia darasa kwamba Jumamosi somo litakuwa Musonoi, nyumbani kwa Tata Kaseba. Kama mwenye nyumba atakubali wageni.

Tata Kabwe amekubali. Wageni anawapenda. Ameuliza kama Madamu ameolewa.

Jumamosi, 27 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu, maana leo sitaki kuisahau.

Walikuja wote, ndani ya kibasi kidogo, na kompyuta mbili na waya. Tata Kabwe alikuwa amevaa koti. Majirani walisogea, wakidhani ni uchumba.

Trezo alifunga simu moja chini, kwenye msingi, na nyingine juu ya ukuta karibu na bati. Zote zikatuma mistari yao kwenye kompyuta. Tukasubiri baruti. Tata Kabwe alikosa subira, akauliza kama lazima mgodi ndio upige, yeye hawezi? Akaruka. Mstari ukaruka. Alipiga yowe la furaha. Akaruka tena, halafu akaanza kucheza, koti likipepea, na kila mguu ukigusa chini mstari unaandika. Mama mmoja wa jirani alisema:

"Angalia, Kabwe anaandika barua na miguu!"

"Na haina kosa hata moja!" akajibu mzee, akihema.

Kisha mgodi ukapiga. Mstari wa chini uliruka na kutulia. Mstari wa juu uliruka zaidi, na ulichelewa kutulia. Kila mtu aliona. Madamu hakueleza sana. Alisema tu kwamba kichwa cha nyumba kinayumba kuliko miguu yake, hasa kikibeba mzigo, na kwamba baruti ni kitu kifupi. Tetemeko halina haraka ya kuondoka.

Tata Kabwe alikuna kidevu. Akarudia ya banki. Nikaona imekwisha, tumeshindwa.

Ndipo Nadeji, aliyekuwa anaizunguka nyumba tangu mwanzo, akauliza kwa sauti yake ndogo:

"Tata, wewe unalalaka upande gani?"

"Ule pale."

"Na mabwe yote iko upande huu."

Watu wote wakatazama juu. Kweli. Juu ya chumba cha Tata Kabwe hakuna jiwe hata moja. Mabati yake yamepigiliwa misumari vizuri, na kila msumari una kipande cha raba chini yake. Miaka yote nimekaa hapa, hata siku ile nilipopanda, sijawahi kuliona jambo hilo. Nadeji aliandika nyumba mbili kwenye programu, chumba chake na changu, akageuza kompyuta ili aone mwenyewe. Njano kwake. Nyekundu kwangu.

"Kabwe!" alipiga kelele yule mama. "Banki yako iko ku kichwa ya mupangaji!"

Watu walilala kwa kicheko. Mzee alijaribu kukaza uso. Akasema mawe yakiwa juu yake yanamwagia vumbi kitandani. Kelele zikazidi. Mwishoni akacheka yeye mwenyewe, akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Basi. Yashuke. Lakini yakae mbele ya mulango yangu, niyaone."

Tukapanga mstari, mimi juu ya ngazi, vijana chini. Nilikuwa nimesahau kwamba ni Jumamosi na kwamba nina mgongo. Trezo alibeba jiwe moja, akakaa chini kupumua, akaniuliza nafanyaje hivi kila siku. Nikamwambia ndiyo maana naja darasani.

Programu imetoa njano. Madamu anasema kwa kijani inabidi ukuta ujengwe upya na mkanda wa saruji juu yake. Kwa hiyo njano. Nyumba ya udongo haitakuwa kijani eti kwa sababu tu mimi nampenda mke wangu.

Jumapili, 28 Septemba

Siku nzima juu ya bati. Misumari, waya, vipande vya ndala zilizochakaa chini ya kila msumari. Tata Kabwe alisimama chini akiniongoza kama nahodha. Jua lilinichoma shingo. Nyundo ilinipiga kidole. Tulicheka sana.

Nimehamisha kitanda pia. Kilikuwa chini ya ukuta wenye ufa. Sasa kiko karibu na mlango, na njia ya kutokea iko wazi. Ndoo na masanduku nimeyatoa juu ya kabati.

Jumanne, 30 Septemba

Upepo wa kwanza wa mvua umekuja leo mchana, tukiwa depo. Ulivunja tawi la mti na kulibeba bango la duka. Nilitazama upande wa nyumbani. Kama paa limekwenda, nimemharibia mzee nyumba na sina pa kumpokea Furaha. Bosi hakuniruhusu kuondoka. Nilibeba mifuko nikiwa nahesabu mabati kichwani.

Paa lipo. Bati moja la pembeni liliinuka kidogo na maji yakaingia, beseni zima. Lakini lipo. Tata Kabwe alinisubiri mlangoni, akasema tu:

"Mwanangu, ndala ni dawa."

Furaha amepiga simu kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Wako Lubudi, kituo cha njiani. Gari-moshi limeharibika na hakuna anayejua litaondoka lini. Watoto wazima. Anatafuta lori la kuja huku. Nikamwambia ukweli pale pale, kabla ujasiri haujaniisha: nyumba si kijani, ni njano, nilikosea hesabu. Sikumficha kwamba ilikuwa nyekundu.

Nikasikia akiwatuliza watoto.

"Unaniambia nikiwa Lubudi," alisema.

"Ukiwa Lubudi unaweza kugeuka."

"Gari-moshi limekufa, Kaseba. Nageuka na nini?"

Sijui kama alikuwa anacheka. Nadhani kidogo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Wamefika. Juu ya lori la mahindi, weupe kwa vumbi mpaka kope. Moize hakunijua. Alijificha nyuma ya mama yake na kuniamkia kama anayemwamkia polisi. Neema amekuwa mrefu, ana meno makubwa mapya, anaongea bila kituo. Furaha amekonda. Amebeba mfuko wa ndagala, dagaa wa kutoka ziwani, unanuka kwetu. Nililia kidogo. Nikasema ni vumbi.

Tulikuwa hatujamaliza kula pale baruti ilipopiga. Furaha hakupiga kelele. Mkono huu Moize, mkono huu Neema, na kabla mimi sijasimama alikuwa katikati ya uwanja, mbali na ukuta, mbali na nguzo ya umeme. Majirani walicheka.

"Mama, ni mugodi! Rudia mu nyumba, bukari inapoa!"

Furaha aliwatazama mmoja mmoja. "Nyinyi mlijuaje kwamba ni mgodi kabla haujaisha?"

Akarudi ndani polepole, tukamalizia ugali uliopoa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Hakulala. Nilisikia anavyogeuka. Asubuhi macho mekundu, nguo zile zile za safari mwilini, na mizigo haijafunguliwa. Sikumuuliza. Naogopa jibu.

Siku ya depo ilikuwa ndefu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Alisema anataka kuiona kompyuta hiyo. Tukaenda Manika wote wanne juu ya pikipiki mbili. Darasa lilisimama kumwamkia, mama huku, mama kule. Trezo alimpa kiti chake mwenyewe, jambo la kihistoria.

Furaha hakutaka kuelezwa. Alitaka kubonyeza. "Kijani chako nilishakiona," aliniambia mbele ya watu wote. Nadeji alikaa karibu naye na kumsomea maswali. Ukuta wa nini. Ufa uko wapi. Watu wangapi wanalala. Paa lina uzito gani. Furaha alijibu kila moja baada ya kunitazama, na pale kwenye uzito aliuliza:

"Kilo au mifuko?"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Kumbe wamemsimulia wote, mmoja baada ya mwingine, kabla hata hajakaa.

Njano ikatoka. Aliitazama muda mrefu. Kisha akamuuliza Madamu kama kuna programu yoyote inayoweza kusema lini. Madamu akamjibu hapana, hakuna mtu duniani anayeweza, na anayekwambia anaweza ni mwongo. Nilidhani jibu hilo litamtisha. Kinyume chake. Mabega yake yalishuka kidogo, kama wakati unapompunguzia mtu mfuko.

Njiani alisema njano anaiamini. Kijani changu cha uongo ndicho kilichokuwa kinamkosesha usingizi.

Jumatano, 8 Oktoba

Mizigo imefunguliwa nusu. Tumemzoeza Moize kukimbia uwanjani nikisema neno. Anakimbia hata nisiposema. Tata Kabwe anakimbia naye.

Usiku Furaha bado anageuka. Si kama mwanzo. Lakini anageuka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Darasa, kisha soko. Tulirudi na sombe, majani ya muhogo. Furaha alitwanga, akapika, tukala sombe na ndagala. Neema alikwenda kwa jirani kucheza. Joto. Mawingu yanajikusanya upande wa mgodi, mvua bado.

Furaha alisema anajilaza kidogo. Nilikuwa nimekaa kizingitini, Moize juu ya goti langu, ninafikiria mistari ya programu ya Jumanne. Baruti ikapiga. Kubwa leo. Vikombe vililia. Nilinyanyuka na mtoto, nikaenda katikati ya uwanja kama tulivyokubaliana, nikasubiri.

Furaha hakutoka.

Nilirudi hadi mlangoni, nikachungulia. Alikuwa amelala kifudifudi, mdomo wazi, mkono mmoja ukining'inia nje ya kitanda. Amevaa kitenge kimoja tu, kile cha nyumbani.

Madamu angesema nimwamshe. Kuzoea hatari nako kunaongeza riski kwenye mstari ule wa kuzidisha, tulijifunza. Nitamwambia Furaha kesho kwamba baruti ilipiga nami sikumwamsha, na ataniita mjinga.

Moize alitaka kupiga kelele. Nikamwekea kidole mdomoni, tukakaa naye pale mlangoni, tukimsikiliza mama yake akikoroma.